Jinsi ya kuandika habari za maisha yako kabla hazijaandikwa usiku wa msiba

Kwa miaka mingi, kila nilipopangiwa kazi, mtu akifariki walinifuata mimi. "Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri, tuandikie wasifu wa marehemu." Ni saa nne usiku, karabai inawaka uani, wanaume wamekaa kwenye mikeka, na mimi nimepewa karatasi moja iliyochanwa katikati ya daftari la mtoto. Naanza kuuliza. Alizaliwa mwaka gani? Wanatazamana. Mmoja anasema ni ule mwaka wa nzige, mwingine anakataa, wakati wa nzige alikuwa ameshaanza kuchunga mbuzi. Alisoma wapi? Pale kiwandani alikuwa anafanya kazi gani kwa miaka yote ile? "Andika tu alikuwa mfanyakazi." Kesho yake, kabla jeneza halijateremshwa, nasoma mistari minane: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, aliugua, alipelekwa hospitali, akafariki, ameacha mjane na watoto sita.

Nimeandika wasifu wa namna hiyo zaidi ya mara arobaini, na kila mara nilirudi nyumbani najisikia nimemdhulumu mtu. Nilipostaafu mwaka 2018, nikiwa na miaka 60, nilinunua kaunta buku nikaanza kuandika wangu. Ilinichukua karibu miaka miwili. Hapa naeleza nilivyofanya, pamoja na mahali nilipokosea, ili nawe ufanye kwa wepesi zaidi. Si lazima uwe umestaafu. Inatosha kuwa umefika umri ambao usiku usingizi unakatika na unajiuliza umefanya nini na maisha yako. Swali hilo ukilikalia barazani peke yako litakutesa bure. Liandike, ulipeleke kwa watu, na mwisho utoke nyumbani uende kwa wale wanaokudai. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu kuliko zote.

Vifaa na saa

Nunua kaunta buku la kwaya tatu lenye jalada gumu. Lina kurasa 288, na utazihitaji. Nunua kalamu mbili za wino. Penseli hapana, maana ukijua maneno yanafutika, utayafuta. Ongeza bahasha kubwa za kaki tano au sita.

Kama macho yamechoka, au hukuzoea kuandika, zungumza huku simu ikirekodi, kisha mtoto au mjukuu ayahamishie kwenye daftari taratibu. Usiiachie simu peke yake. Simu huibiwa, hutumbukia kwenye ndoo, na ikifa inakufa na yote yaliyomo.

Chagua saa moja ya siku na usizidishe nusu saa. Mimi huandika alfajiri kabla redio haijafunguliwa. Siku ya kwanza niliandika saa tatu mfululizo kwa ile hamu ya mwanzo, nikaamka kesho yake kichwa kizito kama nimetoka msibani, na daftari sikuligusa tena kwa wiki mbili.

Toa vitu sandukuni kwanza

Usianze kwa kuandika "Nilizaliwa". Ukianza hivyo utaandika wasifu uleule wa mistari minane, kwa sababu ndio tuliouzoea masikioni. Anza kwa kutandika mkeka na kumwaga juu yake kila karatasi uliyoihifadhi.

Kwenye sanduku langu la bati nilikuta cheti cha darasa la saba cha 1974, barua ya kuitwa kwenye mafunzo ya ualimu ya 1976, barua tano za uhamisho, hati za mshahara zimefungwa kwa uzi wa katani, stakabadhi za kodi ya maendeleo, ile iliyofutwa mwaka 2003, risiti ya baiskeli, kadi za kliniki za watoto, na madaftari ya maksi ya madarasa niliyofundisha ambayo mke wangu alishataka kuyawashia moto mara mbili. Na picha, chache.

Kila kitu kigeuze nyuma. Picha nyingi za zamani zina mhuri wa studio, na mara nyingine tarehe. Barua ina mhuri wa posta. Risiti ina jina la duka, na jina la duka linakukumbusha mtaa, na mtaa unakukumbusha mtu. Kipe kila kitu namba ndogo pembeni, uiandike namba hiyo kwenye kurasa za mwisho za daftari pamoja na maelezo ya mstari mmoja. Mimi nilifika namba 64. Utaona baadaye kwa nini namba hizi zina faida.

Kadi ya kliniki ya mtoto wetu wa tatu ilinisimamisha. Nesi alikuwa akiweka nukta kila mwezi na kuziunganisha kwa mstari. Mstari unapanda vizuri tangu Juni 1990, halafu mwezi wa Machi 1991 unaanguka. Aprili unaanguka tena. Mei umelala. Kisha unaanza kupanda, unapanda mpaka mwisho wa kadi. Mimi ni baba wa mtoto yule na sikukumbuka hata kidogo kilichotokea miezi ile mitatu. Nikaandika: "Namba 22. Kadi. Kwa nini ulianguka?" Nikaendelea na vingine.

Ipange miaka

Sasa fungua daftari na kila mwaka wa maisha yako uupe kurasa mbili. Andika mwaka juu ya ukurasa hata kama huna neno la kuandika chini yake. Usiruke mwaka wowote.

Wengi wa rika langu tulizaliwa nyumbani, na tarehe ya kuzaliwa tulipangiwa siku ya kuandikishwa shule. Kwa hiyo miaka huchanganyika. Dawa yake ni ileile waliyotumia wazazi wetu, kuifunga miaka kwenye matukio ambayo kila mtu aliyasikia. Kwa sisi wa Tanzania kuna Uhuru wa Desemba 1961, Muungano wa Aprili 1964, Azimio la Arusha Februari 1967, kuhamia vijijini mwaka 1974, Elimu kwa Wote Novemba 1977, vita vya Kagera vilivyoanza Oktoba 1978 mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979, msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984, kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Niño za mwisho wa 1997 kuingia 1998, na kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Mzanzibari ataanzia Mapinduzi ya Januari 1964. Mkenya ana kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978 na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mganda ana Januari 1971 Amin alipoingia na Januari 1986 Museveni alipoingia. Ongeza ya kijijini kwako: mwaka daraja lilipochukuliwa na maji, mwaka umeme ulipofika.

Kwa kila tukio jiulize: nilikuwa wapi niliposikia, na nilikuwa nafanya nini kwa mikono yangu? Swali la mikono ni muhimu. Tarehe 14 Oktoba 1999 ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa juu ya paa la nyumba ya mwalimu napigilia bati lililong'olewa na upepo, misumari nimeishika mdomoni. Redio ilikuwa dirishani kwa jirani. Niliposikia sauti ya Rais Mkapa ikisema Mwalimu amefariki nilibaki juu kule, na jirani aliyekuwa amenishikia ngazi akaiachia akakaa chini kwenye mchanga. Nilipolikumbuka hilo nikapata vingine vinne: nilikuwa kituo kipi, nyumba ipi, jirani yangu alikuwa nani, na kwamba mwaka huo bado nilikuwa na nguvu za kupanda paa. Ukurasa ukajaa.

Kwa miaka isiyo na tukio lolote kubwa, uliza maswali matatu haya na ujibu kwa kifupi. Nililala wapi mwaka huu? Nilikula na nani? Nani alikuwa ananitegemea? Hayo yanatosha. Usiandike bado kama mwaka ulikuwa mzuri au mbaya.

Kurasa zinazobaki tupu

Zitabaki. Zangu zilikuwa nane mfululizo, za 1991 hadi 1994. Nilikuwa na barua moja ya kozi na hati chache za mshahara, basi. Nikadhani ni miaka ambayo hakikutokea kitu, na nilitaka kuiandikia "kazi iliendelea kama kawaida" nigeuze ukurasa. Nashukuru sikufanya hivyo.

Jioni moja mke wangu alikuwa anapepeta choroko kwenye ungo. Nikampelekea ile kadi ya kliniki, nikamwonyesha mstari unaoanguka. Hakuinua hata macho.

"Machi wewe ulikuwa kozini."

"Najua. Barua ninayo."

"Na mshahara haukuja miezi miwili. Ulipoondoka uliniachia debe moja la mahindi." Akapuliza makapi. "Lilipoisha nikaenda kwa mama wa jirani nikakopa kilo tatu za ngano. Nikakaanga mandazi, nikayapeleka getini shuleni kwako. Wanafunzi wako ndio walionunua."

Nikamwambia mbona mstari unapanda tena kuanzia Juni. Hapo ndipo alipoiangalia kadi.

"Huo unaopanda ni mandazi, mzee."

Alikaanga mandazi miaka minne, kila siku kilo tatu, akiamka saa tisa usiku. Mimi niliyala kila asubuhi na chai ya rangi nikaenda kazini. Kurasa zangu nane zilikuwa tupu kwa sababu miaka ile ilibebwa na mtu mwingine. Niliziandika upya kwa maneno yake mwenyewe, na juu ya kila ukurasa nimeandika jina lake.

Kwa hiyo ukifika kwenye ukurasa mtupu, usijaze kwa kubuni. Mtafute aliyekuwa akikupikia, aliyekufulia, aliyebaki na watoto, mdogo wako aliyeacha shule ukaendelea wewe. Mara nyingi ukurasa wako uko kwake.

Namna ya kuwauliza watu

Usimuulize mtu "unanionaje?" au "nilikuwa mtu wa namna gani?" Atakusifu, maana ndio adabu, na hutapata kitu. Nenda na kitu mkononi, picha au barua, uulize jambo dogo: hapa tulikuwa wapi, huyu wa pembeni ni nani, ile baiskeli iliishia wapi? Kama ni mkubwa wako, mwamkie, kaa, kunywa chai yake, na habari za daftari zisiwe za kwanza. Sukari kilo moja haijawahi kuharibu mazungumzo.

Mkitofautiana, usibishane. Mimi nasema nyumba ya baba iliungua 1966, dada yangu mkubwa anasema 1968 kwa sababu alikuwa ameshachumbiwa na khanga za posa ziliungua humo ndani. Nimeandika miaka yote miwili, na hizo khanga nazo nimeziandika. Wahi wazee kwanza. Wakati naahirisha safari ya kwenda kwa mwalimu aliyenifundisha kusoma, alifariki, na ukurasa wangu wa 1966 una pengo ambalo hakuna mtu mwingine wa kuliziba.

Kurasa za hesabu

Miaka ikishajaa, fungua kurasa mpya na chora safu tatu. Ya kwanza *Nilichopewa*. Ya pili *Nilichotoa*. Ya tatu *Ninachodaiwa*.

Anza na ya kwanza na usiiharakishe. Mimi nilidhani nimejitengeneza mwenyewe, mtoto wa mkulima niliyekuja kuwa mwalimu. Safu hiyo ilijaza kurasa sita. Kuna kaptura niliyonunuliwa na mwalimu wangu wa darasa la nne ili nisikose mtihani. Kuna mzee mwenye nyumba aliyekaa miezi mitano bila kunidai kodi. Andika kila kimoja na jina la aliyetoa. Walio hai watie alama, kwa sababu hao utawatembelea au utawapigia simu, uwaambie hasa walichokufanyia, kaptura ni kaptura.

Safu ya pili ndipo wengi tunapojidhulumu. Mtu anatazama nyumba yake ya vyumba viwili, anatazama ya mwenzake waliyeanza kazi pamoja, anafunga daftari. Rika langu tukikutana hadithi ni hizo: nani amejenga, nani ana gari, kiinua mgongo cha nani kiliisha. Nakuomba usihesabu mali kwenye safu hii. Mali itahesabiwa na warithi, hilo halitawapita. Hesabu kazi ya mikono yako na nani ilimfikia. Mimi niliingia ualimu mwaka wa Elimu kwa Wote ukikaribia, sisi ndio tulioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo, vijana wa darasa la saba tuliofundishwa kazi huku tukiifanya. Tulidharauliwa sana. Kwa miaka kumi na moja nilifundisha darasa la kwanza, na mwaka mmoja nilikuwa na watoto 83, nusu yao wamekaa sakafuni. Nilijumlisha madaftari yangu yote: watoto karibu mia saba walijifunza kusoma wakiwa mbele yangu. Niliirudia hesabu ile asubuhi tatu mfululizo.

Kama wewe ni fundi, hesabu milango. Kama ni mkunga, hesabu watoto. Dereva ahesabu safari alizofika salama. Mama wa nyumbani asiniambie hana cha kuhesabu, kilo tatu kwa siku kwa miaka minne naweza kumfanyia hesabu mimi mwenyewe.

Safu ya tatu ndiyo ya madeni. Msibani kwetu ndugu husimama na kutangaza: anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu ajitokeze kwa familia. Waislamu wamesisitiza zaidi, madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Lakini tangazo lile ni la fedha. Hakuna anayesimama kaburini kusema marehemu aliniita mwizi. Madeni ya namna hiyo ukifa nayo unamwachia mwenzako mzigo, na hana wa kumdai. Andika ya fedha na yasiyo ya fedha. Andika kwa sentensi moja kila deni, bila "lakini" na bila "kwa sababu". Yangu yalikuwa tisa.

Neno moja la tahadhari. Kama kuna mauti ya mtoto, vita, au jambo baya ulilofanyiwa, si lazima uliandike sasa, wala si lazima uliandike kabisa. Andika mwaka na uache nafasi. Ukiona usingizi unapotea usiku nyingi, au chakula hakipiti, funga daftari, zungumza na mtu wako wa karibu, na kiongozi wako wa dini, na daktari. Daftari litasubiri.

Kwenda

Madeni ya fedha ni mepesi, nilimaliza matatu kwa simu. Nitaeleza moja kati ya yaliyobaki.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu wa zamu. Fedha za mahindi ya shamba la shule zilipotea. Funguo za stoo alikuwa nazo kiranja, msichana wa darasa la saba, na mimi nikaamua ni yeye. Sikumuuliza mara mbili. Nilimtoa mstarini wenzake wote wakitazama, nikamwambia aende nyumbani na asirudi bila fedha za shule. Ilikuwa Agosti. Kwao hawakuwa na kitu, hakurudi, mtihani wa kumaliza ukapita. Mwezi wa kumi na moja, nikifunga mizigo ya uhamisho, bahasha ya zile fedha ikaanguka kutoka ndani ya daftari la mahudhurio. Nilizirudisha ofisini nikasema "zimeonekana". Kwao msichana sikwenda. Nilipanda lori la uhamisho kesho yake.

Mwaka 2019 nilirudi kijiji kile kuuliza. Fundi baiskeli akaniambia alikoolewa, mwendo wa saa mbili kwa basi, anauza chakula karibu na stendi. Nilichukua khanga doti moja, bahasha ya fedha, na daftari la maksi la 1988, namba 31 kwenye orodha yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Nilisalimia tu "hamjambo hapa", akainua kichwa. "Shikamoo mwalimu." Alinijua kwa sauti.

Nikamwambia nilichokuja kusema. Mchele aliendelea kuuchambua, jiwe moja moja analitupa pembeni.

"Najua zilionekana," akasema. "Niliambiwa mwezi uleule. Nikawa nangoja mje mnichukue."

Sikuwa na neno. Nikatoa bahasha. Akaisukuma kwa nyuma ya kiganja. "Hii khanga nitaipokea, umetoka mbali. Hela rudi nazo." Kisha akanyamaza kidogo, akatazama nyuma ya banda. "Watoto wangu wapo. Nimewaambia mama yenu alifeli la saba. Ningewaambiaje nilifukuzwa kwa wizi? Waambie wewe."

Walikuja watatu, mkubwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mdogo bado ana sare ya shule. Nikasimama mbele yao nikasema mama yao hakuiba, na hakufeli, mimi ndiye niliyemzuia kufanya mtihani, na kosa ni langu. Yule mdogo akauliza, "Kwani darasani alikuwa wa ngapi?" Nikafungua daftari la maksi. Muhula wa kwanza, wa kwanza kati ya 46. Mtoto akaweka kidole kwenye jina la mama yake akafuata mstari mpaka mwisho, hisabati, Kiswahili, maarifa, akisoma kila namba kwa sauti. Mama yake alikuwa ameacha kuchambua.

Aliniomba daftari. Nilimwachia.

Kutokana na siku ile, haya ndiyo ninayoweza kukushauri. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu wala mtu. Sema kosa lako kwa sentensi ile moja uliyoiandika, halafu nyamaza. Ukibeba kitu, kiwe cha adabu tu, kisionekane ni bei. Usimwombe aseme amekusamehe, muulize anataka nini, kwa maana anaweza kutaka kitu ambacho wewe hukukiwaza kamwe. Mimi nilikwenda na fedha, yeye alihitaji shahidi. Hajaniambia kuwa amenisamehe na sijamuuliza. Kama uliyemkosea amefariki, nenda kwa watoto wake. Na kama kwenda kwako kutamletea matata nyumbani kwake, kwa mfano ni mtu mliyekuwa na mahusiano zamani na sasa ana ndoa yake, basi usiende. Liandike deni, ulibebe mwenyewe.

Katika yale tisa nimemaliza saba.

Kuliweka daftari

Piga picha kila ukurasa na umtumie mtoto mmoja unayemwamini, awe anaishi mbali na nyumba yako, ili moto ukiliunguza lisipotee lote. Waambie watu wawili mahali lilipo. Kurasa zinazoweza kumuumiza mtu aliye hai, zifunge kwenye bahasha yake peke yake na uandike juu nani afungue na lini. Mwishoni kabisa andika wasifu wa ukurasa mmoja wa kusomwa siku ile, kwa herufi kubwa, kwa sababu atakayesoma atakuwa analia na mwanga utakuwa hafifu.

Langu lipo kwenye sanduku lilelile la bati. Binti yangu wa pili ndiye anayejua funguo ilipo. Mbele ya namba 31 nimeandika: "Haipo hapa, ipo kwa mwenyewe." Mwaka huu ukurasa wake una mistari minne mpaka sasa, na kesho alfajiri naenda kuandika wa tano, mjukuu ameanza darasa la kwanza na ameniomba nimkague herufi.